Blogger, WordPress au Instagram peke yake? Ulinganisho kwa anayetaka kuandika mambo yake

Mpwa wangu alinitumia voisi ya dakika nne akiwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, Kimara Mwisho, Dar es Salaam. Nikiifupisha: amechoka kubana maelezo chini ya picha. Anataka sehemu yake ya kuandikia mambo ya kila siku ya mjini, watu anaokaa nao siti moja, vyakula vya kando ya barabara, vituko vya makonda wa daladala. "Sasa mjomba, nifungue blogu au nibaki Instagram tu? Na kama ni blogu, ipi? Halafu hizi akaunti zangu nyingine naziunganishaje?" Nilimjibu kwa voisi tatu, akasema hajaelewa hata moja. Basi nimeandika.

Niseme kwanza nilikopita. Nimewahi kuwa na blogu mbili. Ya kwanza ilikuwa WordPress kwenye seva ya kulipia, yaani kompyuta ya kukodi inayotunza tovuti, ikafa kifo nitakachokisimulia hapa chini. Ya pili iko Blogger na bado inapumua. Katikati yake nilikaa mwaka mzima naandika Facebook peke yake. Kwa hiyo upendeleo ninao, na utauona.

Kwangu maswali ni mawili, na watu wengi huyachanganya likawa moja. Mahali pa kuandikia napapima hivi: siku nikitaka kuhama, naondoka na nini? Mahali pa kusambazia napapima vingine: nani hasa atabonyeza linki?

Kubaki Instagram au Facebook tu

Hii ni njia rahisi na siidharau. Wasomaji wako wamo humo tayari. Hakuna jina la tovuti la kununua wala mipangilio ya kuumiza kichwa. Tena mjini hapa wapo wengi wanaojiunga bando la mitandao ya kijamii peke yake; kwao linki inayowatoa nje ya programu inakula salio, kwa hiyo wanaipita. Kama unachoandika ni kifupi na picha ndiyo inayobeba mzigo, baki hapo. Dada anayeoka keki Sinza hana haja ya blogu, ana haja ya namba ya simu inayoonekana vizuri.

Shida huanza maneno yanapokuwa mengi. Maelezo ya picha Instagram yana ukomo wa herufi 2,200, nafasi zikihesabiwa. Kwa Kiswahili, na maneno yetu yalivyo marefu, hiyo ni kama maneno 300 na ushee. Mpwa wangu hajawahi kusimulia jambo lolote kwa maneno 300. Linki ukiiweka kwenye maelezo hayo haibonyezeki. Na mtu akiingia Google mwakani akaandika "mihogo ya Coco Beach inaanza kuuzwa saa ngapi", uwezekano wa kuletewa uliyoandika wewe ni mdogo sana, hata kama uliiandika vizuri kuliko wote.

Na kuhama je? Facebook na Instagram zote zinakuruhusu kupakua vitu vyako. Nilishafanya. Unapata faili la zipu lenye mafolda chungu nzima. Maandishi yako yamo, lakini ni kama umehamishwa nyumba kwa vyombo kutupwa kwenye kirikuu bila kufungwa, sufuria juu ya godoro. Kuyapanga yawe kitu cha kusomeka ni kazi ya wiki. Rafiki yangu mpiga picha hata huo mzigo hakuupata: ukurasa wake kwenye mtandao mmoja wa picha uliibwa, mwizi akabadilisha barua pepe na namba ya simu usiku mmoja. Picha halisi alikuwa nazo kwenye kompyuta. Hadithi alizoziandika chini ya kila picha kwa miaka mitatu zilikuwa kule tu.

Anayedhani mitandao mikubwa haifi akumbuke Google+. Ilifungwa Aprili 2019, na ilikuwa ya Google.

Blogger au WordPress

Hapa ndipo pana nyama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko: WordPress ziko mbili. WordPress.com ni huduma. Unafungua akaunti, unaandika, wao wanatunza. WordPress.org ni programu ya bure unayoipakua na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe. Mtu akikwambia "WordPress ni bure" muulize anasema ipi. Ile ya kwanza ina ngazi ya bure, lakini inaweka matangazo yao kwenye kurasa zako, na ukitaka jina lako mwenyewe badala ya jina lenye mkia wa wordpress.com, lazima upande ngazi ya kulipia. Ya pili ni bure kama baiskeli ya kupewa ni bure: matairi, mnyororo na fundi ni juu yako.

Blogger ni ya zamani kuliko zote mbili. Ilianzishwa 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, Google ikainunua 2003. Blogu nyingi za Kitanzania za mwanzo zilianzia huko, ikiwemo ya picha ya Issa Michuzi ya mwaka 2005, ambayo kwa watu wa rika langu ndiyo ilikuwa maana yenyewe ya neno blogu. Sura yake imezeeka, sibishi. Vigezo vya muundo ni vichache, na Google hawaishughulikii kwa bidii. Lakini ina mambo mawili ambayo kwa mwandishi mmoja asiye na bajeti yanazidi mengine yote. Hulipii hifadhi, leo wala mwakani. Na unaweza kuiunganisha na jina lako ulilonunua bila kuilipa Google hata senti.

Hilo la jina ndilo ninalomkazania mpwa wangu. Ukiwa na anwani yenye mkia wa blogspot.com, siku ukihamia WordPress kila linki uliyowahi kumtumia mtu inabaki kule ulikotoka. Ukiwa na jina lako, unahamisha maandishi, unaelekeza jina kwenye makao mapya, na msomaji hajui kama umehama. Kuhama kwenyewe kupo: Blogger inakupa nakala ya maandishi yako yote katika faili moja, na WordPress ina chombo cha kulipokea.

Majina ya .tz, mkia wa Tanzania, unanunua kupitia mawakala. Wengi wanapokea M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, kwa hiyo kutokuwa na kadi ya benki si kisingizio. Watu wengi wanajua .co.tz tu. Lipo pia me.tz, lililotengwa kwa ajili ya watu binafsi, na kwa blogu ya mtu mmoja naliona zuri zaidi. Ulizia bei ya mwaka wa pili kabla ya kufurahia bei ya mwaka wa kwanza. Na hakikisha jina limeandikishwa kwa jina lako na barua pepe yako, siyo ya fundi aliyekusaidia.

Kuliunganisha na Blogger kunatisha mara ya kwanza kuliko kunavyostahili. Unaandika jina kwenye mipangilio, na www mbele. Blogger inakataa na kukuonyesha mistari miwili. Huko kukataa siyo kosa, ndiyo hatua yenyewe. Unaipeleka mistari hiyo kwa wakala wako, sehemu ya rekodi za CNAME: wa kwanza unaelekeza www kwenda ghs.google.com, wa pili ni msururu wa herufi wa kuthibitisha kwamba jina ni lako. Unasubiri, mara dakika, mara nusu siku. Ukirudi, inakubali. Usisahau kuwasha HTTPS hapohapo, la sivyo simu ya msomaji itampa onyo kwamba tovuti si salama na atakimbia.

WordPress ya kujihudumia, ile ya .org, inaishinda Blogger kwa vingi, nisiwe mchoyo wa sifa. Unabadilisha muundo utakavyo. Ukibadilisha anwani ya makala iliyokwisha kuchapishwa, inawapeleka wenyewe wasomaji wa linki ya zamani kwenye mpya. Kwenye Blogger ukibadilisha kichwa cha makala iliyokwisha kuchapishwa, anwani inabaki ileile ya mwanzo, pamoja na mwaka na mwezi, hata kama ulikosea herufi. Programu ya simu ya WordPress ni bora mno kwa anayeandika kwenye basi: unaandika bila mtandao, ukifika kituo cha Morocco penye netiweki nzuri unachapisha. Kwenye Blogger mimi huandika kwanza kwenye Google Docs kisha nabandika, na nimejifunza kubandika bila mitindo, kwa sababu vinginevyo aya zinakuja na mandhari meupe kama viraka kwenye kanzu.

Lakini WordPress hiyo inataka mtunzaji. Programu na plagini, vile vijiprogramu vya kuongezea, zinasasishwa kila mara, ukizembea wanaingia watu. Mimi sikuvamiwa hata; niliua mwenyewe. Kampuni iliyonihifadhia ilituma taarifa za malipo kwenye barua pepe ya zamani ambayo sikuwa naifungua tena. Wakazima, muda wa kusubiri ukapita, wakafuta. Nakala za akiba nilikuwa nazo, nzuri kabisa, juu ya seva ileile. Makala 140. Nilikaa jioni kadhaa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za zamani, nikiokota moja moja, nikapata 61, baadhi bila picha. Kampuni ilifuata mkataba. Ila tangu hapo, mtu akiniambia "Blogger ni ya kizamani" namwitikia tu.

Kuna Substack pia, vijana wanaitaja. Ni bure, maandishi yanamfikia msomaji kwa barua pepe, na orodha ya barua pepe unaweza kuondoka nayo, jambo ambalo kwa kigezo changu ni alama kubwa. Ila jiulize ndugu na marafiki zako Dar wanafungua barua pepe mara ngapi nje ya kazi. Na kama unafikiria kulipwa na wasomaji, malipo yake hupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, ambayo haijafungua mlango kwa Tanzania.

Suala la leseni, kwa kifupi

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka mabloga walipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Blogu nyingi zilinyamaza mwaka ule. Kanuni zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee nilichoandika mimi wala alichokwambia jirani. Fungua tovuti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, usome toleo linalotumika sasa, hasa kama unafikiria kugusa habari na matukio na siyo hadithi zako tu. Na usidhani kubaki Instagram kunakutoa kwenye sheria.

Kuunganisha: roboti au mkono

Miaka ile ilikuwa raha. Unachapisha kwenye blogu, na programu inatupa linki Facebook na Twitter wakati wewe unakunywa chai. Halafu milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Agosti 2018 Facebook ilizuia programu za nje kuposti kwenye akaunti binafsi za watu. Zikabaki kurasa na makundi, na makundi nayo yakafungwa 2024. Mwaka 2023 Twitter, ikielekea kuitwa X, ilianza kutoza fedha nyingi njia hiyo, na Jetpack, plagini ya WordPress iliyokuwa ikitegemewa kwa kazi hii, ikaacha kupeleka linki huko. Blogger yenyewe haina roboti ya ndani. Iliyokuwepo ilikuwa ya Google+, ikafa nayo. Unaweza kutumia huduma ya tatu inayosoma mlisho wa RSS wa blogu yako, yaani orodha ya makala mpya inayojisasisha, na kuposti kwenye ukurasa wa Facebook. Inafanya kazi. Kwenye kipengele hiki WordPress inaongoza, kama roboti ndiyo unayoitaka.

Mimi siitaki. Roboti haijui kwamba leo kuna msiba kwenye grupu la ukoo na siyo siku ya kutuma linki ya pilau. Na inaandika sentensi ileile kila mahali.

Ninachofanya ni hiki, kwa mfano wa makala moja. Niliandika juu ya muuza mihogo Coco Beach anayekata muhogo wa kukaanga katikati, anapaka pilipili ndani ya mpasuko badala ya kumwaga juu. Nikaituma kwenye grupu letu la wanafunzi wa zamani. Ikatokea linki tupu, ya buluu, ndefu, bila picha. Watu wawili wakabonyeza, mmoja akauliza kama ni virusi. Nikachunguza. WhatsApp, kama Facebook, inachukua picha na kichwa kutoka kwenye alama zilizofichwa ndani ya ukurasa, zinazoitwa Open Graph. Blogger inazijaza kwa picha ya kwanza ya makala. Picha yangu ya kwanza ilikuwa imetoka kwenye simu moja kwa moja, nzito ya kutosha kubeba pwani nzima, WhatsApp ikaikataa. Nikaipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 na kimo 630, kipimo ambacho Facebook wenyewe wanakipendekeza, nikakata ili mkono na mpasuko wa muhogo vionekane katikati. Kwenye mipangilio nikawasha maelezo ya utafutaji, nikaandika sentensi moja: "Pilipili anaipaka ndani, na ana sababu." Facebook ina chombo kiitwacho Sharing Debugger, unabandika linki, unailazimisha isome ukurasa upya, maana huwa wanakumbuka picha ya zamani. Wiki iliyofuata nikaituma kwenye grupu la kazini. Watu walianza kujibishana juu ya pilipili kabla sijaweka simu mezani.

Kwa hiyo kwenye kusambaza, kwa Dar, naweka WhatsApp mbele ya vyote. Stetasi inakaa saa 24 na inafunguliwa na watu wanaokujua. Chaneli zilizokuja 2023 zinafaa kwa wasiokujua, nao hawaoni namba yako, jambo ambalo mpwa wangu kama binti anapaswa kulizingatia. Orodha ya kuwatumia ujumbe watu wengi kwa pamoja inafika hadi 256, lakini ujumbe unawafikia tu waliohifadhi namba yako; usishangae shemeji akisema hakuona. Magrupu yanataka adabu: linki moja kwa wiki, na usitume ukakimbia.

Facebook bado ina watu wazima, hasa wa mikoani na wa nje ya nchi, na wao ndio wanaosoma hadi mwisho. Fungua ukurasa, weka linki na aya ya kwanza ya makala juu yake. Instagram itumie kama dirisha: picha moja, aya mbili, kisha linki kwenye wasifu, ambako tangu 2023 unaweza kuweka hadi tano. Kwenye stori unaweza kubandika linki ya kubonyezwa. Zamani ilikuwa ya wenye wafuasi 10,000, tangu Oktoba 2021 ni ya kila mtu. TikTok sina la kusema, mimi siimbi.

X ningemwambia asubiri. Ilizimwa nchini Mei 2025, na anayeifungua kwa VPN, ile programu ya kuzunguka kizuizi, ajue TCRA ilitaka VPN ziandikishwe tangu Oktoba 2023. Mwandishi mpya hana sababu ya kuweka maisha yake mahali ambapo msomaji lazima apite dirishani. Ukweli ni kwamba blogu nayo haina kinga: intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, zote zilikuwa giza sawasawa. Tofauti ni kwamba maandishi yangu yote nilikuwa nayo kwenye faili moja mezani.

Mimi ningechagua nini

Kwa mpwa wangu, mwenye simu moja, asiye na fundi, anayeandika mara moja kwa wiki: Blogger, na jina la me.tz kuanzia siku ya kwanza, WhatsApp kwa mkono, Instagram kama dirisha, nakala ya blogu nzima kupakuliwa kila mwisho wa mwezi na kutunzwa kwenye flashi. Angekuwa na rafiki anayejua mambo ya seva, na mpango wa kuandika pamoja na wenzake watatu, ningemwambia WordPress bila kusita na ningemwombea kwa Mungu akumbuke barua pepe ya malipo. Angekuwa anaandika aya mbili tu kwa picha, ningemwacha alipo.

Nilimtumia haya Jumapili. Jumatatu asubuhi akajibu, safari hii kwa maandishi: "Asante mjomba, nimesoma yote. Jina langu kwenye me.tz lishachukuliwa." Nimemwambia aongeze jina la bibi yake.